Kilo Aliyekula Majani Yetu

Juzi nilifungua mfuko wa saladi niliyokuwa nimeisahau juu ya meza tangu asubuhi. Plastiki ilikuwa imefunga ukungu kwa ndani, na nilipoifungua ikatoka ile harufu ya maji, udongo na utomvu mchungu unaotoka kwenye shina likikatwa. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikiwa na mfuko mapajani. Mume wangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka tu Bibi yangu, na mtu mmoja aliyeitwa Kilo.

Tuliishi upande wa Gatete, si mbali na ziwa, kwenye kipande cha shamba kilichobaki. Nasema kilichobaki kwa sababu Bibi alikuwa ameikimbia nchi akiwa kijana, baba yangu akiwa mgongoni kwake, na aliporudi kutoka Tanzania alikuwa na mvi na wajukuu. Shamba aliloliacha lilikuwa linashuka mpaka kwenye michikichi ya chini, karibu na kijito. Alilolikuta lilikuwa linaishia kwenye ukuta wa nyumba ya watu asiowajua. Alilalamika, akaitwa kwenye mikutano, akasimama juani siku nyingi, mwisho akapewa kipande. Tangu hapo, kwa Bibi hakuna kitu kilichopungua chenyewe. Kikipungua, kuna aliyekichukua. Alikuwa anaweka alama ya ukucha kwenye kopo la sukari, na chupa ya mawese aliinyanyua kwenye mwanga kabla ya kupika na baada ya kupika. Bibi hakuwa mchoyo. Alikuwa mtu aliyewahi kupunguziwa.

Mama yangu alifia kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania kabla hatujarudi, na sina sura yake kichwani. Baba, aliyeitwa Zakaria, alikuwa anabeba mawese kwa baiskeli kutoka Minago mpaka Rumonge mjini, madumu yamefungwa pande zote mbili mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Siku moja alirudi bila madumu, amempakia mwanamke nyuma. Alikuwa anaitwa Feza. Alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Baraka, na alikuwa akiuza ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, pale mitumbwi inapofikia. Mimi nilifundishwa kumwita Mama Mdogo, yeye akanisahihisha akicheka, "Sema Mama Mudogo, hivyo ndiyo kwetu." Bibi alimkaribisha vizuri, akampa maji ya kunawa na kiti, lakini macho yake yalikuwa kwenye begi la mgeni.

Feza ndiye aliyeleta habari ya saladi. Alikuwa amesikia kwamba oteli ya ufukweni, ile inayojaa watu wa Bujumbura mwisho wa wiki, inatafuta saladi na haiipati. Akapata mbegu, akachimba matuta karibu na kijito, akayamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu. Majani yalipotoka, mepesi, yamejikunja pembeni kama kitambaa kilichopindwa vibaya, Bibi alichuma moja akalitafuna, akalitema.

"Watu wanakula hii bila kupika?"

"Wanatia mafuta na ndimu, Mama," Feza akasema. "Wanasema inasaidia mwili."

"Mwili wa mbuzi."

Lakini oteli iliitaka kweli. Asubuhi ambazo kulikuwa na mavuno, Feza alikata kabla umande haujakauka, akajaza beseni letu la bluu mpaka juu, mpaka majani yakawa kilima, akafunika na kitenge kilicholoweshwa, akajitwika na kushuka mjini. Alirudi mchana na sabuni, chumvi, pengine nusu kopo la mchele. Bibi alikuwa akimngoja mlangoni.

"Beseni nzima imezaa hivi tu?"

"Leo kilo haikufika, Mama."

Siku nyingine alisema kilo imekubali. Siku nyingine kilo imekataa kwa kidogo sana. Bibi alisikiliza kwa mdomo uliobana. Hakuwa mjinga wa majani. Alikuwa amepika lengalenga, mchicha wa kwetu, maisha yake yote na alijua vizuri jinsi sufuria iliyojaa mpaka kifuniko kinakaa juu hewani inavyogeuka kuwa mchuzi wa watu wawili. "Moto ukila, tunajua," alikuwa akiniambia tukiwa wawili, akichambua maharage. "Lakini haya hayajaona moto. Beseni hili hili ukitia maharage, tunanyanyua watu wawili. Yanatoka hapa kilima, yanafika kule kiganja. Hiyo kilo yake ndiyo inayokula majani yangu, mwana wanje, mwanangu."

Nilikuwa mdogo, sijaanza shule. Kwetu vitu vilipimwa kwa kopo, kwa ndoo, kwa fungu. Kilo sikuwa nimewahi kumwona. Kwa hiyo nikaelewa kile ambacho mtoto yeyote angeelewa: huko mjini kulikuwa na mtu anaitwa Kilo. Siku nyingine anafika, siku nyingine hafiki. Kuna siku anakubali na kuna siku anakataa. Na anakula saladi yetu mbichi, beseni zima, bila kushiba. Akilini mwangu nilimpa ndevu za mbuzi, na tumbo kubwa.

Kisha nikamwona.

Feza alinichukua mjini siku moja ambayo Bibi alikuwa na maumivu ya miguu. Kabla ya kufika oteli tulikata kwenye njia ya bandarini, pale magunia ya ndagala yanapopangwa, na harufu ikawa kali mpaka nikaziba pua na gauni. Feza aliketi juu ya jiwe, akatua beseni, akaanza kuvua majani ya nje, yale yaliyochanika na yenye matope, akiyaweka pembeni. Akaja mwanaume mwenye gunia begani. Walisalimiana kwa lugha ambayo sikuijua, Kibembe cha kwao, haraka haraka, wakicheka. Alikuwa na pengo katikati ya meno ya juu. Alinishika shavu kwa mkono wenye maji ya ziwa. Halafu akayazoa yale majani, fungu kubwa kabisa, akayasukuma ndani ya gunia lake na kuondoka.

Sikuhitaji kuambiwa. Yule alikuwa Kilo. Ndevu hakuwa nazo, lakini mengine yote yalilingana.

Kule oteli Feza aliniambia ningoje nje ya mlango wa jikoni. Alipotoka beseni likiwa tupu, alininunulia mandazi ya moto, akainama sikioni mwangu. "Usimwambie Bibi. Atasema ninakuharibu." Niliyala mandazi yale yote, lakini kila nilipomeza nilijua kwamba nanunuliwa.

Sikumwambia mtu. Nilimwogopa Kilo, nilidhani nikitaja jina lake atapanda mlima aje kutafuta mengine. Lakini kuanzia siku ile nilimtazama Feza kwa macho mengine. Akikung'uta kitenge nyuma ya nyumba, nilijiuliza anakung'uta nini. Akiimba wimbo wa kwao, nilisikiliza kama ndani yake kuna jina la Kilo. Akinisuka nywele na vidole vyake vyepesi, nilikaza shingo, na yeye akaniuliza, "Ninakuumiza, mama?" Nikasema hapana. Bibi naye alikuwa anamtazama kutoka upande wake wa ua. Nyumba ile ndogo ikajaa macho. Hata Baba akirudi amechoka alikula akiangalia sahani, kwa sababu ukinyanyua kichwa ulikutana na mtu anayemtazama mwingine.

Jioni moja Bibi aliongea mbele ya wote. "Zakaria, mke wako ana nyumba nyingine mjini. Majani ya shamba langu yanalisha watu nisiowajua."

Feza aliacha kupakua. Baba alifuta mikono kwenye suruali. "Mama, kesho naenda Minago. Tungoje nirudi, tutaongea."

"Na mimi nasema nini?" Feza akamuuliza. "Hakuna anayeniuliza mimi?"

Baba akasema tena kwamba tungoje arudi. Alikuwa mtu mwema, baba yangu, lakini mbele ya maneno alikuwa kama mtu anayesukuma baiskeli mlimani. Asubuhi alikwenda.

Bibi hakungoja. Jua lilikuwa bado halijapanda sana alipoingia kwenye chumba cha Baba na kuanza kupekua vitu vya Feza. Alikunjua kitenge kimoja kimoja, akakung'uta blauzi, akainua godoro, akachungulia ndani ya kiatu cha kwenda kanisani. Mimi nilikuwa mlangoni. Feza alikuja kutoka kwenye matuta, mikono ina udongo, akasimama nyuma yangu. Nilidhani atapiga kelele. Alipita pembeni yangu taratibu, akasimama katikati ya nguo zake zilizotawanyika, akafungua kilemba kichwani na kukitupa juu ya zile nyingine.

"Mama, hujatafuta kwenye nywele," alisema. "Tafuta na kwenye nywele."

Bibi alikuwa ameshika kile kiatu. Feza akainama, akaanza kukunja vitenge vyake vizuri kabisa, kona kwa kona, akavifunga ndani ya kimoja. Wakati anatoka alinigusa kichwani. Nikafikiri, sasa anakwenda kwa Kilo.

Siku ile tulikula muhogo baridi. Kesho yake asubuhi Bibi aliamka na nguvu ambazo sikuzijua. Saladi ilikuwa imejaa matutani na oteli ilikuwa inaingojea. "Leo tutaona," alisema. Alikata mwenyewe, akajaza beseni la bluu mpaka likawa kilima kuliko kilima cha Feza, akanikataza hata kuligusa. Tulishuka. Njiani hakumruhusu mtu kumpokea, hata mama mmoja wa kanisani kwetu aliyejua miguu yake ilivyo. Alikuwa anakwenda kuleta ushahidi, na ushahidi haubebwi na mtu mwingine.

Mpishi wa oteli aliitwa Deo, mnene, aproni imelowa tumboni. "Amahoro, Bibi. Feza iko wapi?"

"Amahoro. Leo nimekuja mwenyewe. Pima nione."

Tuliingia jikoni wote wawili. Juu ya meza ya saruji kulikuwa na mizani ya zamani, sahani mbili za bati zinazoning'inia kwa minyororo, na kando yake vyuma vimepangwa kuanzia kikubwa mpaka kidogo. Deo alichukua chuma kikubwa kuliko vyote. "Kilo njo hii," alisema, akakiweka upande mmoja. Sahani ikaanguka kwa kishindo.

Nilikitazama kile chuma. Cheusi, kifupi, hakina mdomo.

Deo alipanga majani upande wa pili, mashada kwa mashada, mpaka sahani haionekani, mpaka majani yakawa yanagusa minyororo na mengine kuanguka mezani. Akamalizia yote yaliyokuwa kwenye beseni. Sahani ya majani ilitikisika kidogo, ikabaki juu. Chuma hakikunyanyuka.

"Imepungua kidogo, Bibi. Kilo haijafika."

Bibi alishika ukingo wa meza. "Mizani yako ni mgonjwa."

"Haina ugonjwa."

"Hicho chuma unakijua wewe na aliyekutengenezea."

Deo alikuwa na wageni wa kulisha na angeweza kutufukuza. Badala yake aliondoa kila kitu kwenye sahani, akasogea pembeni. "Sawa. Weka kitu unachokijua wewe."

Bibi alitazama huku na huku. Kwenye trei kulikuwa na mayai, mayai madogo ya kuku wa kienyeji. Alichukua moja, akalipima kiganjani, akachukua lingine, akayalaza yote mawili kwenye sahani ya bati kama anayalaza kwa kuku mwenyewe. Upande wa pili Deo akamimina bakuli zima la saladi, bakuli la supu lililojaa mpaka linamwagika. Sahani zikatikisika, zikatafutana, zikasimama usawa.

Bibi alitazama mayai. Akatazama majani. Halafu akafanya kitu ambacho Deo alikipigia kelele: akayashika majani yale kwa mikono yote miwili na kuyakamua. Yalilia kama nyasi zenye umande zinapokanyagwa. Kilima kikawa ngumi moja, na maji ya kijani yakapita kati ya vidole vyake.

"Bibi, unaniharibia! Nani atakula hiyo?"

"Ni upepo," Bibi alisema. Hakuwa anamwambia Deo. "Nimebeba upepo kutoka Gatete."

"Kila jani limeshika upepo chini yake, na majani ni mengi," Deo alisema, sauti imeshuka sasa. "Na mimi ninapika kwa gramu, Bibi, kila mugeni sahani yake. Nikinunua kwa beseni, leo itabaki, kesho itakosekana. Na huyu Feza wenu ananisafishia kabisa. Wewe umeniletea na matope."

Bibi alifungua ngumi, akaliweka lile donge la kijani mezani polepole. Nilimvuta kitenge. "Bibi, Kilo ni chuma?"

"Ni chuma."

"Sasa yule wa bandarini ni nani?"

Akageuka. Uso wake ambao ulikuwa umelegea ukakaza tena ghafla. "Yupi wa bandarini?"

Nilimsimulia yote niliyoyaona, na hata beseni tuliliacha kwa Deo. Boti za kwenda Baraka haziondoki mpaka zijae, na Bibi alikuwa anajua kwamba mtu aliyetoka kwetu bila kuaga atakuwa amelala kwa watu wa kwao akingoja boti. Alitembea mbele akinivuta mkono, miguu yake ile ile ya kuuma. Tulipofika, Feza alikuwa ndani ya boti tayari, amekaa juu ya mzigo wake kati ya magodoro na madumu matupu. Na pale chini, ndani ya maji mpaka magotini, alikuwepo yule mwenye pengo, akipakia magunia.

"Huyo," nilisema. "Bibi, huyo ndiye Kilo."

Bibi alimsogelea mpaka maji yakamlowesha. "Wewe ndiye unayekula majani ya shamba langu?"

Yule mwanaume akatua gunia. Alimtazama Bibi, akanitazama mimi, akamtazama Feza kule juu. "Mimi, mama? Mimi sili hayo. Sungura ndiyo zinakula. Dada yangu ananiletea yale yenye oteli inakataa, ya kuoza, ya matope." Akaonyesha vibanda nyuma ya magunia ya ndagala, ambako kulikuwa na boksi la mbao lenye waya. "Naitwa Alimasi. Tumezaliwa tumbo moja na Feza. Nilitaka kuja kukusalimia nyumbani, akanikataza. Akasema ngoja kwanza Mama anizoee."

Nakumbuka jinsi ziwa lilivyokuwa linapiga ubavu wa boti. Bibi alisimama majini, kitenge kinaelea. Alinyanyua uso kwa Feza.

"Shuka twende nyumbani."

Feza hakusimama. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa nzima. "Mama, nimekuheshimu. Nimefua nguo zako, nimekukanda miguu. Ukafungua mpaka kiatu yangu mbele ya mutoto."

"Nilikuwa najua nimeibiwa."

"Uliibiwa kweli, mama. Zakaria alinielezea yote. Lakini si mimi nilikuwa mwizi." Alifuta pua kwa kona ya kitenge. "Acha niende kwetu nipumuzike."

Injini ikawaka. Mimi nililia, nikaita Mama Mudogo kwa nguvu zote, na yeye alinyanyua mkono lakini hakushuka. Ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona Bibi akikosa mtu wa kumshtaki. Tulirudi Gatete. Nyumbani alikaa kwenye ukingo wa tuta la saladi, akawa anachuma jani, analikamua, analitupa, anachuma lingine.

Baba aliporudi kutoka Minago, mimi nilikuwa na hofu kwamba Bibi atasema vingine. Hata baiskeli hakumwacha aiegemeze. "Majani yalikuwa upepo," alimwambia. "Mkeo hakuchukua kitu. Na wewe ulikuwa unanitazama nikimwinda, ukapanda baiskeli. Nenda ukamchukue."

Baba alivuka. Siku zikapita, na Bibi akaanza tena: watu wa kule wamemzuia, wamempa shamba, wamemwoza kwa mwingine. Alikuwa anasema hivyo huku anamwagilia matuta kwa lile kopo la matundu, asubuhi na jioni, akiinama kwa shida, na mimi nikimshikia ndoo. Hakuuza hata jani. Saladi ilirefuka, ikatoa maua ya njano, na sisi tukaiacha hivyo.

Kisha Alimasi akatuma neno kwamba boti ya Jumapili ina watu wetu. Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani. Tulipofika, abiria walikuwa wanashuka, wengine wanabebwa mgongoni ili wasilowe. Baba alishuka kwanza. Feza akafuata, mwembamba kidogo, mzigo wake kichwani, ule ule uliofungwa kona kwa kona. Alisimama mchangani mbele ya Bibi. Watu walikuwa wanatupita wakituangalia. Nilikuwa nangoja Bibi aseme samahani, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimefundishwa kuisema, na nilikuwa najua inavyokaa vibaya mdomoni.

Hakuisema, siku ile wala nyingine. Alinyoosha mikono, akautua ule mzigo kutoka kichwani kwa Feza, akajitwika mwenyewe. Feza akasema, "Mama, utaumia miguu." Bibi alikuwa ameshaanza kutembea. Alikata katikati ya magunia ya ndagala, akashika njia ya kupanda Gatete, shingo imenyooka chini ya vitu vyote vya yule mwanamke, na sisi watatu tukiwa nyuma yake tunatazama kama atageuka kuangalia tunafuata au la. Hakugeuka.